Mlima Ndani ya Wingu

Mtu wa Masisi au wa Walikale hahitaji kufundishwa taabu ya safari. Milima ya Masisi ni mirefu na udongo wake huteleza. Misitu ya Walikale ni mipana, na mvua ikishika, lori hukwama matopeni. Ndiyo sababu eropleni ndogo zimekuwa kama mitumbwi ya nchi hii. Huko Kilambo, katika Walikale, zilikuwa zikitua juu ya barabara yenyewe ya magari, ili kuchukua mawe ya bati yaliyochimbwa Bisie.

Lakini njia ya angani nayo ina matope yake, ndiyo mawingu.

Siku ya tarehe 1 Septemba 2008, eropleni aina ya Beechcraft 1900 iliruka kutoka Kisangani kwenda Bukavu. Ilikuwa ya shirika la Air Serv, lililochukua watu wa misaada. Ukichora mstari kati ya miji hiyo miwili, utapita juu ya misitu ya Walikale. Ndani yake walikuwamo abiria 15 na waendeshaji 2. Hali ya hewa ilikuwa mbaya. Zilibaki kilomita chache tu kufika uwanja wa Kavumu, eropleni ikagonga ubavu wa mlima. Kesho yake mabaki yalionekana juu ya mteremko mkali. Katika watu 17 hakupona hata mmoja.

Yawezekanaje mlima mkubwa usionekane? Tazameni jinsi nchi ilivyoumbwa. Upande wa magharibi ni bonde la msitu mkubwa, lenye joto na unyevu. Upande wa mashariki milima husimama kama ukuta. Kahuzi peke yake una kimo cha mita 3,308, hali uwanja wa Kavumu uko katika mita 1,700 hivi. Hewa yenye unyevu ikisukumwa juu ya ukuta huo hupoa, na maji yaliyomo hugeuka mawingu na mvua. Basi rubani atokaye magharibi lazima auvuke ukuta kwanza, ndipo ashuke. Katika wingu zito macho hayamsaidii. Hutegemea vyombo na hesabu zake, na kosa dogo la kimo latosha kuleta msiba.

Wala haukuwa msiba wa kwanza. Mwezi Mei 2005, eropleni aina ya Antonov 28 iliyotoka Goma kwenda Kindu ilianguka katika milima hiyohiyo ya Kivu, na wote waliokuwamo wakafa.

Ndugu zangu, wale wa mwaka 2008 hawakufuata biashara yao. Miongoni mwao walikuwamo watu wa kazi ya misaada. Yatupasa kuwakumbuka, na kuwaheshimu kwa matendo. Mara nyingi, rubani asemapo, “Leo haturuki,” abiria hunung’unika: mmoja ana bidhaa, mwingine ana harusi, mwingine anakwenda matanga. Tusimsukume. Wahenga walisema: Kawia ufike. Bidhaa zitangoja mpaka kesho, na harusi itachezwa hata bwana mjomba akichelewa. Bali mtoto anayemngoja baba yake uwanjani hana baba wa pili.

Nao wenye mamlaka wakumbuke kwamba barabara njema kati ya Goma, Masisi na Walikale ingewapa watu njia nyingine, siku mlima unapojificha ndani ya wingu.