Nishati ya Mabua: Sukari Iliyofungiwa (Sehemu ya Pili)

Wiki iliyopita tuliona jinsi molasi, masazo matamu ya kiwanda cha sukari, inavyotengenezwa ethanoli, kazi ambayo Muhoroni, magharibi mwa Kenya, inaifahamu tangu miaka ya 1980. Humo sukari iko tayari; hamira huila ikatoa pombe na kaboni dioksidi. Leo tuyatazame mabaki ya shambani: mabua ya mahindi, mabua ya mpunga na bagasi, yaani makapi ya miwa iliyokwisha kukamuliwa.

Haya nayo yana sukari tele, ila imeungana katika minyororo mirefu ya selulosi na hemiselulosi, kisha ikazingirwa na lignini, kitu kinachoupa mmea ugumu. Hamira haiwezi kuifikia. Kwa hiyo mabua husagwa, yakapikwa kwa mvuke wenye shinikizo kubwa au kwa asidi hafifu hadi lignini ilegee. Baadaye hutiwa vimeng'enya vinavyokata minyororo ile kuwa glukosi na zailosi. Vingi hutokana na kuvu aitwaye Trichoderma reesei, aliyegunduliwa Visiwa vya Solomon wakati wa Vita Kuu ya Pili akiozesha mahema ya jeshi la Marekani.

Hapo kuna kikwazo kingine: hamira ya kawaida hula glukosi lakini zailosi haiigusi, ndiyo maana wanasayansi huibadilisha vinasaba. Mwishoni pombe hukenekwa, na maji yanayokataa kutoka huondolewa kwa chujio maalumu. Lignini iliyobaki huchomwa kuendesha mitambo.

Kitaalamu, basi, njia ipo. Kibiashara mambo ni magumu. Kampuni ya DuPont ilizindua kiwanda kikubwa cha mabua ya mahindi huko Iowa, Marekani, mwaka 2015. Mwaka 2017 ikatangaza kujitoa. Vimeng'enya ni ghali, na mabua ni mepesi lakini hujaza lori upesi, hivyo kuyakusanya shamba kwa shamba hula fedha nyingi. Huko Brazili, kampuni ya Raízen ilijenga mtambo wake Piracicaba ubavuni mwa kiwanda cha sukari, ambako bagasi imeshafika mlangoni.

Nasi tuanzie hapo. Mabua ya mkulima mdogo tayari yana kazi: ni lishe ya ng'ombe na rutuba ya udongo. Tumalize kwanza molasi, kisha bagasi inayozidi mahitaji ya matanuri ya viwanda. Wiki ijayo tutazungumzia majiko ya ethanoli.