Kanisa Lililozika Utumwa

Falmouth ni mji mdogo wa bandari katika pwani ya kaskazini ya Jamaika. Sukari na ramu ziliutajirisha, na nyumba za kifahari za mabwana wa miwa bado zimesimama katika mitaa yake. Lakini historia nzito kuliko zote imebebwa na jengo la watu waliokuwa hawana kitu: kanisa la Wabaptisti, ambalo leo linaitwa William Knibb Memorial.

Knibb alikuwa Mwingereza, mzaliwa wa Kettering, aliyefika Jamaika akiwa kijana wa miaka ishirini na kidogo kushika nafasi ya ualimu iliyoachwa na kaka yake marehemu. Mwaka 1830 akawa mchungaji wa Falmouth. Waumini wake wengi walikuwa watumwa. Kila mshirika alipewa tikiti ya karatasi, iliyobadilishwa kila baada ya miezi mitatu, na aliwekwa chini ya kiongozi wa kikundi ambaye mara nyingi alikuwa mtumwa mwenzake. Kwa mtu aliyeandikwa katika daftari la shamba pamoja na ng'ombe, tikiti ile ilikuwa ushahidi kwamba kuna mahali anahesabiwa kuwa mtu.

Mabwana waliona mapema hatari ya tikiti ile.

Usiku wa tarehe 27 Desemba 1831, moto uliwashwa katika shamba la Kensington, na uasi mkubwa ukaanza magharibi mwa kisiwa. Kiongozi wake, Samuel Sharpe, alikuwa mtumwa na shemasi wa Kibaptisti huko Montego Bay. Aliwahimiza wenzake wagome, wasirudi mashambani baada ya Krismasi mpaka walipwe ujira. Knibb mwenyewe alikuwa amewaonya waumini wasiasi, lakini hilo halikumwokoa: alikamatwa. Wazungu waliouawa walikuwa 14. Watumwa walionyongwa au kupigwa risasi baada ya mashauri ya haraka walizidi 300. Sharpe alinyongwa tarehe 23 Mei 1832.

Kanisa la Falmouth nalo liliadhibiwa. Mnamo Februari 1832, wanamgambo waliokuwa wamelifanya kambi yao walilibomoa. Makanisa mengine kadhaa ya Wabaptisti kisiwani yalipata mkasa huohuo.

Ubomoaji ule uliwageukia wabomoaji wenyewe. Knibb alipoachiwa alipanda meli kwenda Uingereza, akazunguka miji akihutubia, kisha akatoa ushahidi mbele ya kamati za Bunge. Habari za makanisa kuvunjwa na Wakristo wa kikoloni ziliwachoma Waingereza wengi ambao habari za mijeledi hazikuwa zimewagusa. Mwaka 1833 Bunge lilipitisha sheria ya kukomesha utumwa. Kwa ruzuku ya serikali na michango ya waumini, jengo jipya lilikamilika Falmouth mwaka 1837.

Hata hivyo, sheria ile iliwafunga watu katika kipindi cha "uanagenzi", wakiendelea kuwafanyia kazi mabwana walewale. Uhuru kamili ulikuja tarehe 1 Agosti 1838. Usiku wa kuamkia siku hiyo, kanisa lilijaa watu katika ibada ya mkesha. Saa ilipogonga usiku wa manane, Knibb aliutangazia umati kwamba dubwana limekufa. Ndani ya jeneza walitia mnyororo, mjeledi na pete ya chuma ya shingoni, wakalizika kulipopambazuka, kama azikwavyo maiti.

Knibb alifariki kwa homa mwaka 1845, akiwa na umri wa miaka 42, akazikwa kanisani hapo. Katika miaka hiyohiyo Wabaptisti wa Jamaika walikuwa wakiwapeleka ndugu zao kuhubiri Afrika Magharibi, katika kisiwa cha Fernando Po na pwani ya Kameruni.

Jengo la 1837 liliangushwa na kimbunga mwaka 1944. Waumini walijenga tena, na kanisa linaloonekana leo ni la 1948. Ndani yake kuna bamba la marumaru lililochongwa Uingereza kuadhimisha mazishi yale, lenye sura za Knibb na wapigania uhuru Granville Sharp, Joseph Sturge na William Wilberforce. Maandishi yake yanasema limewekwa na wana wa Afrika walioachwa huru, kwa kumbukumbu ya siku uhuru wao ulipozaliwa.