Makabati ya jikoni katika nyumba ya kupanga: Tuyasafishe, tuyatandike, tuyachunge kama amana

Familia nyingi za mijini huishi katika nyumba za kupanga. Kodi ya miezi 6 au mwaka mzima hulipwa, ufunguo hukabidhiwa, na ndipo kabati la jikoni linapofunguliwa na kukutwa mafuta yaliyoganda, uvundo, na vinyesi vya mende. Wapo wanaopanga vyombo juu ya uchafu huo kwa hoja kwamba nyumba si yao. Wapo pia wanaogongomea misumari na kupaka rangi kana kwamba ni yao. Njia zote mbili hazitufai. Chakula kitakachowekwa humo ni cha watoto wetu, na kabati ni mali ya mtu. Suratun-Nisaa, aya ya 58, inatuamuru kuzirejesha amana kwa wenyewe.

Kwa hiyo, kabla ya kushika kitambaa, tulikague kabati pamoja na mwenye nyumba. Rafu iliyovimba na bawaba iliyolegea zipigwe picha na kuandikwa. Mizozo mingi huzuka siku ya kuhama, pale kila upande unapoikumbuka hali ya nyumba kwa namna yake.

Katika kusafisha, tuanzie rafu ya juu na kushuka chini. Vumbi na vinyesi vya mende vifutwe kwa kitambaa chenye unyevu badala ya kufagiliwa vikiwa vikavu, kwani vikipeperuka huweza kuamsha pumu kwa watoto. Nyufa, bawaba na nyuma ya droo zisisahauliwe: kibumba kimoja cha yule mende mdogo wa kahawia hubeba mayai 30 hadi 40. Dawa ya mende ielekezwe kwenye nyufa, wala isipulizwe juu ya rafu za vyombo.

Mafuta hutolewa kwa maji ya uvuguvugu na sabuni. Yaliyoganda yapakwe magadi yaliyosagwa na kulowanishwa, yaachwe kidogo, kisha yasuguliwe taratibu. Siki iliyochanganywa na maji huondoa uvundo. Lakini siki na jiki visikutanishwe kamwe, kwani mchanganyiko huo hutoa gesi ya klorini inayodhuru mapafu. Aidha, rangi kuukuu ya mafuta isikwanguliwe kwa msasa mkavu. Rangi za zamani huweza kuwa na madini ya risasi, ambayo vumbi lake hudhuru ubongo wa mtoto.

Makabati mengi ya siku hizi ni ya unga wa mbao ulioshindiliwa, ambao huvimba ukinywa maji. Kitambaa kikamuliwe vizuri, na milango iachwe wazi hadi rafu zikauke kabisa. Kutandika juu ya unyevu ni kuotesha ukungu.

Tutandike nini? Wengi hutumia magazeti, likiwemo hili. Tunawanasihi waache. Gazeti hunyonya unyevu, huwapa mende maficho, na wino wake hushika vyombo vilivyolowa. Zaidi ya hayo, kurasa hizi hubeba jina la Mwenyezi Mungu na aya za Kitabu Chake. Si mahali pake kuwa chini ya masufuria. Zikichakaa, zichomwe au zifukiwe mahali safi.

Plastiki ya kufunikia meza, inayouzwa kwa mita, inafaa zaidi. Rafu 4 zenye urefu wa sentimita 80 na kina cha sentimita 30 zinahitaji mita 1 na robo tu, ikiwa upana wa plastiki unazidi sentimita 80. Kila kipande kikatwe kipungue kidogo kuliko rafu ili kisijikunje, kisha kilazwe bila gundi. Gundi na karatasi za kunata hubandua rangi siku ya kuondoka. Kipande kilicholazwa tu huinuliwa kila wiki, hufutwa na kurudishwa. Sufuria la moto lisiwekwe juu yake.

Kazi hii si ya mama peke yake. Bibi Aisha (r.a.) amesimulia kwamba Mtume (s.a.w.) alikuwa akiwahudumia watu wa nyumbani kwake. Na baada ya kabati kung'ara, tudumishe mafundisho yake ya kufunika vyombo usiku tukitaja jina la Mwenyezi Mungu. Siku tutakapohama, tuinue plastiki zetu na kumkabidhi mwenye nyumba kabati lililo safi kuliko tulivyolipokea.

Wabillahi tawfiq.