Reli Iliyokufa Ikazaa Njia ya Baiskeli

Jumatano ya tarehe 16 Februari 1983, moto wa nyika ulilipuka sehemu nyingi za kusini mwa Australia ndani ya siku moja. Watu 75 walipoteza maisha katika majimbo ya Australia Kusini na Victoria. Katika bonde la Clare, takriban kilomita 130 kaskazini mwa jiji la Adelaide, moto huo uliharibu pia reli ndogo iliyokuwa imeufikia mji wa Clare mwaka 1918. Haikutengenezwa tena. Ilifungwa, na vyuma vyake vikang'olewa.

Kilichosalia ni tuta. Katika miaka ya 1990 wenyeji wa bonde, wakiwemo watengenezaji wa mvinyo, walilifufua likawa njia ya changarawe kwa watembea kwa miguu na waendesha baiskeli. Inaitwa Riesling Trail, kwa jina la zabibu nyeupe iliyolipatia bonde hilo sifa duniani. Inaanzia Auburn upande wa kusini, inapita Leasingham, Watervale, Penwortham na Sevenhill, inaingia Clare na kusonga mbele kidogo. Jumla yake ni kilomita 30 na ushei. Gari utaliona tu pale barabara inapoikatiza njia.

Wanaoisifu njia hii husifu mandhari, na mandhari yake ni mazuri kweli. Lakini sifa ya kwanza, kwa maoni yangu, wanastahili mafundi wa reli, ambao hawakuwa na habari kabisa kwamba wanamjengea mtu wa baiskeli.

Gurudumu la chuma juu ya reli ya chuma lina msuguano mdogo sana. Ndiyo maana treni huvuta mzigo mkubwa kwa nguvu kidogo, na ndiyo maana pia hushindwa mlima: mwinuko ukizidi, magurudumu ya kichwa cha treni huzunguka pale pale bila kushika. Kwa hiyo wajenzi wa reli hupasua vilima, hujaza mabonde na huzungusha njia kwa kona pana, mradi mwinuko usivuke sana asilimia 2, yaani kupanda mita 2 kwa kila mita 100.

Sasa piga hesabu. Mtu na baiskeli yake wana kilo 85 kwa pamoja, na wanapanda kwa mwendo wa kilomita 10 kwa saa. Kwenye mwinuko wa asilimia 2, kuushinda mvutano wa dunia peke yake kunamgharimu wati 46 hivi. Kwenye mwinuko wa asilimia 8, ambao ni wa kawaida kwa barabara za vilimani, gharama hiyo inafika wati 185. Mtu mzima asiye mwanamichezo anaweza kukanyaga kwa wati 100 hivi kwa muda mrefu bila kuishiwa pumzi. Mwinuko wa kwanza anaupanda huku akizungumza na mwenzake. Wa pili utamshusha chini asukume baiskeli. Ndiyo sababu njia hii huwabeba wazee na watoto, si vijana wenye misuli peke yao.

Halafu kuna changarawe yenyewe. Chota kiganja kimoja uitazame: chembe zake zina pembe kali, hazikuviringika kama kokoto za mtoni, na katikati yake kuna unga laini wa jiwe. Pembe hizo huzifanya chembe zishikane zinaposhindiliwa. Unga huziba nafasi, na unyevu kidogo hufunga vyote pamoja. Mawe ya chini ya reli ni kinyume chake. Ni makubwa na hayana unga, ili maji ya mvua yapite haraka, na tairi la baiskeli likiingia humo huzama na kuyumba. Njia nzuri ya baiskeli juu ya tuta la zamani lazima ipate tabaka lake jipya la changarawe ndogo.

Kukosekana kwa magari nako kuna faida inayopita usalama. Yeyote aliyesafiri barabara ya vumbi anavijua vile vituta vilivyojipanga kama mikunjo ya bati, vinavyotikisa gari hadi meno yanagongana. Kwa muda mrefu lawama zilitupiwa springi za magari. Mwaka 2007 watafiti walizungusha gurudumu dogo lisilo na springi juu ya mchanga maabarani, na vituta vikatokea vilevile mara mwendo ulipovuka kiwango fulani. Gurudumu linaloruka kidogo huchimba pale linapotua na kurundika chembe mbele yake. Linalofuata huongeza kazi ileile. Ondoa magari mazito yaendayo kasi, na uso wa changarawe hudumu ukiwa laini.

Hata hivyo mawe madogo hayakosekani, na hapo ndipo tairi hufanya kazi yake. Kila linapogusa ardhi, tairi hubonyea kisha hurudi, na sehemu ya nishati hupotea kama joto ndani ya mpira. Kwenye lami, tairi gumu hupunguza upotevu huo. Kwenye changarawe mambo hugeuka: tairi gumu humnyanyua mtu mzima juu ya kila jiwe, na ule mtikisiko wa nyama na mifupa hula nguvu nyingi kuliko mpira unavyokula. Tairi pana lenye upepo mchache hulimeza jiwe, mwili ukabaki umetulia. Kwa tairi la milimita 40 hivi, paundi 30 hadi 40 kwa inchi ya mraba huwatosha wengi. Matairi membamba ya lami mara nyingi hujazwa 80 au zaidi. John Boyd Dunlop, daktari wa mifugo aliyeishi Belfast, alisajili tairi lake la upepo mwaka 1888 baada ya kulijaribu kwenye baiskeli ya magurudumu matatu ya mwanawe. Barabara mbovu ndiyo iliyomsumbua.

Mwendo wa taratibu hukupa nafasi ya kuiona ardhi. Karibu na Watervale udongo ni mwekundu juu ya chokaa. Ukienda mashariki, hadi eneo la Polish Hill River, mizizi ya mizabibu hupenya kwenye mawe ya sleti. Mashamba mengi yapo kati ya mita 400 na 500 juu ya bahari, na urefu huo ni siri mojawapo ya ladha ya mvinyo wa huko. Joto huifanya zabibu itumie asidi yake yenyewe inapopumua. Usiku wa baridi hupunguza matumizi hayo, zabibu ikaiva na ukali wake. Jua nalo huacha alama: baada ya miaka kadhaa kwenye chupa, mvinyo wa riesling hutoa harufu inayokaribia mafuta ya taa, kutokana na kemikali inayozaliwa na rangi za manjano za tunda.

Mzabibu wa Clare hulala majira ya baridi, kwa hiyo huvunwa mara moja tu, kati ya Februari na Aprili. Dodoma, Tanzania, ambako zabibu pia hulimwa, hakuna baridi ya kuulaza mzabibu. Mkulima huuamsha kwa kuupogoa, akavuna mara mbili kwa mwaka. Ukifika Clare mwezi Julai utakuta vijiti vitupu.

Vijiji vya njiani navyo vina historia yao. Penwortham ndipo alipozikwa John Horrocks, mvumbuzi aliyekufa mwaka 1846 baada ya ngamia wake kumtikisa na bunduki kufyatuka. Huko Sevenhill, mapadre Wajesuiti waliotoka Austria walianza kupanda mizabibu mwaka 1851 kwa ajili ya divai ya altare.

Sehemu ya juu kabisa ya njia ipo katikati, upande wa Penwortham na Sevenhill. Uanzie Auburn au Clare, utapanda kwanza na kuteremka baadaye. Punguza upepo wa matairi kabla ya kuondoka, beba maji ya kutosha wakati wa kiangazi, na usiende siku ya tahadhari ya moto. Kiingilio hakuna.