Uhusiano wa Kimageuko na Mtawanyiko wa Kereng'ende Wembamba Wakubwa: Mfano wa Coryphagrion grandis

Kereng'ende wembamba ni wadudu wa nusuoda ya Zygoptera, ambayo ina spishi zipatazo 3,000 duniani. Hutofautiana na kereng'ende wanene kwa macho yaliyoachana na, kwa spishi nyingi, kwa mabawa yanayokunjwa juu ya mgongo wanapotua. Makala hii inafafanua namna uhusiano wa kimageuko unavyoathiri maelezo ya mtawanyiko wao kijiografia, kwa kurejelea spishi moja ya Afrika Mashariki.

Coryphagrion grandis, aliyepewa jina na Morton mwaka 1924, huishi katika misitu ya pwani ya Kenya na Tanzania, ikiwemo Shimba Hills, na katika miteremko ya Usambara Mashariki. Ni spishi pekee ya jenasi yake. Lava wake hukulia katika maji ya mvua yaliyotuama kwenye mashimo ya miti, ambamo hula viluwiluwi wa mbu na wadudu wengine wadogo.

Tabia hiyo inafanana mno na ya kereng'ende wakubwa wa misitu ya Amerika ya Kati na Kusini, waliozoeleka kuwekwa katika familia ya Pseudostigmatidae. Mmoja wao, Megaloprepus caerulatus, ana mabawa yanayoweza kufikia upana wa sentimita 19. Hao nao huzaliana katika mashimo ya miti, na baadhi yao katika maji yanayokusanyika kwenye majani ya mimea ya jamii ya mnanasi. Aidha, wakiwa wapevu huwanyakua buibui kutoka kwenye tando zao.

Swali linalojitokeza ni hili: je, ufanano huo umerithiwa kutoka kwa babu mmoja, au umezuka mara mbili katika mazingira yanayofanana? Kila jibu lina historia yake ya kijiografia. Endapo ni urithi, inabidi kueleza jinsi ukoo mmoja ulivyogawanyika pande mbili za Bahari ya Atlantiki. Groeneveld na wenzake (2007), wakitumia mfuatano wa vinasaba vya kiini cha seli na vya mitokondria, walimweka Coryphagrion pamoja na wale wa Amerika. Kwa msingi huo, alionekana kuwa masalia ya bara la kale la Gondwana, ambalo sehemu zake za Afrika na Amerika ya Kusini zilitengana takriban miaka milioni 100 iliyopita. Maelezo hayo yalikuwa na mvuto, kwa kuwa ni vigumu kumdhania mdudu wa kivuli cha msitu akivuka bahari.

Hata hivyo, Toussaint na wenzake (2019) waliongeza idadi ya spishi na jeni zilizochunguzwa, wakapata matokeo tofauti: makundi hayo mawili yako kwenye matawi tofauti ya mti wa ukoo. Kwa mujibu wa matokeo hayo, ukubwa wa mwili na uzazi wa kwenye mashimo ya miti vilizuka kila upande kwa njia yake. Hivyo basi, kutengana kwa mabara hakuhitajiki tena kueleza kuwepo kwa wadudu hao pande zote mbili.

Ikumbukwe kwamba ramani ya mtawanyiko haikubadilika kati ya tafiti hizo mbili. Kilichobadilika ni mti wa ukoo. Kwa hiyo, mtafiti hana budi kupima uthabiti wa mti huo, hususan wingi wa spishi zilizojumuishwa, kabla ya kuhusisha mtawanyiko na tukio lolote la kijiolojia.

Suala hili linagusa pia uhifadhi. Ikiwa Coryphagrion hana ndugu wa karibu ng'ambo ya Atlantiki, basi historia ya ukoo wake imehifadhiwa katika vipande vichache vya misitu ya Afrika Mashariki. Kukatwa kwa miti mikubwa yenye mashimo kunamwondolea mazalia, hata pale ambapo msitu wenyewe bado unaonekana umesimama.