Pekupeku Mlimani
Mkimbiaji wa Ubungo anayejizoeza kwenye miinuko ya Kimara au Goba, akitaka kushindana pekupeku katika vijia vya milimani, hana budi kuelewa kwanza jinsi unyayo unavyopokea uzito. Mwaka 2010, mtafiti Daniel Lieberman na wenzake, ambao baadhi ya wakimbiaji waliowachunguza walikuwa Wakenya, walieleza kwamba aliyezoea kukimbia bila viatu mara nyingi hutanguliza sehemu ya mbele ya unyayo, na hivyo hupunguza kishindo, yaani pigo la ghafla linalopanda mguuni kisigino kinapogonga ardhi. Hata hivyo, uchunguzi wa mwaka 2013 miongoni mwa jamii ya Wadaasanach wa kaskazini mwa Kenya uliwakuta wengi wakitanguliza kisigino wanapokimbia kwa kasi ya kawaida, kwa hiyo wanaodai kwamba maumbile yana mtindo mmoja tu wanaharakisha mno.

Abebe Bikila wa Ethiopia alishinda marathoni ya Olimpiki ya Roma mwaka 1960 pekupeku, lakini barabarani, si mlimani. Kwenye mwinuko, mzigo huhamia kwenye misuli ya shavu la mguu na kano ya kisigino, ambayo huhitaji miezi kuzoea, ilhali udongo wenye unyevu huweza kuficha, mbali na vipande vya chupa, mabuu ya minyoo ya safura yanayopenya ngozi ya unyayo hata pasipo jeraha.