Taa ya injini ikiwaka: pima kwanza, nunua baadaye

TAA ya njano yenye umbo la injini ikiwaka kwenye dashibodi, mfanyabiashara wa mazao hujiuliza swali moja: je, mzigo utafika sokoni?

Swali hilo lina msingi. Nyanya na mboga za majani kutoka miteremko ya Mlima Meru hazimsubiri fundi. Soko la Tengeru hufurika Jumatano na Jumamosi, na la Ngaramtoni Alhamisi na Jumapili. Mwenye gari lililolala gereji siku ya soko huuza kesho yake kwa bei ya kutupa, au huishia kulisha mifugo.

Kwa mwenye Toyota Noah au Probox anayeishi Kata ya Sokon I, kusini mwa Jiji la Arusha, na kupanda Meru kufuata mzigo, ubovu wa gari ni hasara. Lakini hasara kubwa zaidi mara nyingi hutokana na kubadilisha vipuri kwa kubahatisha.

Cheche inavyopotea

Injini ya petroli huhitaji cheche ili kuwasha mchanganyiko wa hewa na mafuta. Koili huchukua umeme wa betri wa volti 12 na kuupandisha hadi zaidi ya volti 20,000, kisha plagi huurusha kwenye mwanya mdogo usiozidi sana milimita 1. Katika magari mengi ya Toyota yaliyotengenezwa baada ya mwaka 2000, kila silinda ina koili yake.

Cheche ikikosekana, silinda hiyo haifanyi kazi. Injini hutetemeka, nguvu hupungua na petroli huliwa zaidi. Mafundi husema injini "inamisi".

Kuna jambo linalowachanganya madereva wengi. Gari likiwa tupu mjini hutembea vizuri, lakini likipakiwa magunia na kuanza kupanda kilima, linakosa nguvu. Sababu ni kwamba dereva anapokanyaga mafuta, hewa na petroli hujazana zaidi ndani ya silinda, na cheche huhitaji umeme mkubwa zaidi kuruka mwanya wa plagi. Koili iliyochoka hushindwa hapo hapo. Ndiyo maana fundi anayelipima gari likiwa tupu, limesimama uani, anaweza kusema halina tatizo.

Namba haitaji kipuri

Kompyuta ya gari hutunza namba ya hitilafu, ambayo husomwa kwa mashine inayochomekwa kwenye soketi yenye pini 16, kwa kawaida chini ya usukani. Mfumo huo ulikuwa wa lazima Marekani kwa magari yote mapya ya abiria kuanzia mwaka 1996. Baadhi ya magari ya zamani yaliyouzwa Japani yana soketi ya aina nyingine.

P0301 maana yake silinda ya kwanza inamisi. P0303 ni ya tatu. P0300 ina maana kwamba hitilafu inatokea kwenye silinda zaidi ya moja au bila mpangilio. P0351 hadi P0354 zinahusu njia ya umeme wa koili, yaani koili yenyewe, waya au soketi yake.

Namba huonyesha mahali pa kuanzia, haisemi "nunua koili". Kwa hiyo kung'oa waya wa betri ili taa izimike ni kosa, kwani ushahidi wote hufutika huku ubovu ukibaki.

Jaribio lisilo na gharama

Tuseme mashine imesoma P0303. Injini ikiwa imezimwa na imepoa, fundi huhamishia koili ya silinda ya tatu kwenye ya kwanza, na ya kwanza kwenye ya tatu. Kisha hufuta namba na gari huendeshwa likiwa na mzigo.

Namba ikirudi ikiwa P0301, hitilafu imehama pamoja na koili, hivyo koili ndiyo mbovu. Ikibaki P0303, koili haina kosa. Jaribio hilo hurudiwa kwa plagi. Ikiwa bado haijahama, hukaguliwa waya, nozeli na mgandamizo wa silinda.

Plagi inapotolewa, shimo lake litazamwe. Oili ndani yake huashiria gasketi ya kava ya juu imechoka. Maji huweza kuingia wakati wa masika au injini inapooshwa kwa pampu. Koili mpya ikiwekwa ndani ya shimo lenye oili au maji, nayo huharibika.

Koili isichomolewe injini ikiunguruma. Umeme wake ni hatari kwa fundi na kwa kompyuta ya gari.

Hesabu ya biashara

Anayenunua koili nne wakati mbovu ni moja ametupa robo tatu ya fedha zake. Wengine hubadilisha sensa ya oksijeni, kwa sababu hewa isiyoungua hutoka na moshi na kuifanya sensa iripoti kwamba petroli ni kidogo.

Taa ikiwaka bila kupepesa, kwa kawaida gari linaweza kufika gereji kwa mwendo wa taratibu. Ikipepesa, dereva apunguze mwendo na kusimama mahali salama mapema. Petroli isiyoungua huunguzwa ndani ya masega ya bomba la moshi na kuyayeyusha, na gharama yake huzidi mbali ya koili moja. Usipoziba ufa utajenga ukuta.

Kabla ya kulipa, mwenye gari adai mambo matatu: namba iliyosomwa, jaribio lililofanyika, na kipuri cha zamani mkononi. Fundi aliyepima hatashindwa kuvitoa.